Ganzi ya leba siyo ganzi ya upasuaji

Mhariri,

Kinamama wengi wanaikataa epidurali, ganzi ya kupunguza uchungu wa leba, kwa kuambiwa kuwa "sindano ya mgongo" huacha mgongo ukiuma maisha yote. Naomba nafasi nifafanue.

Sindano ya ganzi ya upasuaji huingia hadi kwenye maji ya uti wa mgongo. Dawa huwekwa yote kwa mkupuo, na dakika chache tu miguu haiinuki. Ya leba huishia nje ya utando unaoshikilia maji hayo. Pale huachwa mrija mwembamba, sindano ikachomolewa, na dawa ikapitishwa kidogo kidogo hadi mtoto azaliwe. Mchanganyiko uliozoeleka ni bupivakeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 0.1 au pungufu, pamoja na fentanili (dawa kali ya maumivu) mikrogramu 2 kwa kila mililita. Nafuu huja baada ya dakika 10 hadi 20. Mama husikia tumbo likikaza na nguvu za kusukuma anazo, ingawa kusukuma huweza kuchukua muda zaidi.

Mahali palipochomwa huuma siku chache, basi. Tafiti hazikuona maumivu ya mgongo ya kudumu, wala ongezeko la upasuaji wa kujifungua, wala kushuka kwa alama za Apgar, zile anazopewa mtoto kupima hali yake mara anapozaliwa.

Cha kuogopwa ni presha. Ikishuka, damu ya kwenye kondo hupungua na mapigo ya mtoto hulegea. Ndiyo maana dripu hutangulia, mama halali chali, efedrini, dawa ya kupandisha presha, huwa tayari, na presha hupimwa kila dakika 5 kwa angalau dakika 15 baada ya dozi ya kwanza na kila nyongeza. Kibofu nacho kiangaliwe, maana hujaa bila mama kuhisi.

Takribani mama mmoja kati ya 100 hutobolewa kwa bahati mbaya ule utando wa maji ya uti wa mgongo, na kichwa humuuma akiketi, kikatulia akilala. Asiishie kupewa panado na kuruhusiwa. Amwone mtaalamu wa usingizi: damu yake mwenyewe, mililita 20 hivi, huweza kuchomwa palepale kuziba tundu.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema kliniki, kwani damu ikivujia ndani ya uti wa mgongo hukandamiza neva.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama mwenye afya apewe epidurali akiiomba. Nakubaliana nalo kabisa. Lakini mkunga mmoja akiwa na kinamama sita wa leba, hizo dakika 5 atazipata wapi? Hospitali isiyo na mtu wa kukaa kando ya kitanda hicho isiitangaze huduma hii.

Mtaalamu wa usingizi,
Morogoro