Barua ya wazi kwa Mheshimiwa unayesimamia kumbi za umma hapa Mtwara: tuwekeeni dari

Mheshimiwa, shikamoo.

Natumaini hujambo wewe na familia, na majukumu ya kutuhudumia yanaendelea vizuri.

Naandika hadharani kwa sababu barua za bahasha nimeshaleta, zikagongwa muhuri, nikaambiwa linafanyiwa kazi, nikarudi nyumbani kusubiri. Nimesubiri kwa adabu Mheshimiwa, na nakala zenye mihuri ninazo. Ila Jumamosi iliyopita imevuka mpaka. Najua na wewe umetumiwa zile klipu maana zimezunguka kila grupu la wasapu kuanzia Shangani mpaka Mikindani, watu wanapiga kelele hatusikii, hatusikii, wengine wamenyanyua viti juu, wengine wanadai chao getini. Ile shoo ya vichekesho niliiandaa mimi. Ukumbi ni wa umma, uko chini ya usimamizi wako, na pesa yake nililipa yote kabla sijafunguliwa mlango.

Watu wanaandika kwamba mchekeshaji alikuwa mbovu. Hapana, naomba nimtoe lawamani yule kijana. Katoka Dar kwa basi, zaidi ya kilomita 500, na ni mtu ambaye nimemuona kwa macho yangu akiwafanya watu watoe machozi kwa kucheka. Pale kwetu alisimama akasema mstari wa kwanza, mstari ukaenda ukagonga ukuta wa nyuma ukarudi ukamkuta yuko kwenye wa pili. Wa mbele wakacheka, wa nyuma wakaulizana kasemaje, walipomaliza kuulizana na wa tatu ukawa umewapita. Fundi mitambo akaongeza sauti, ndio ikawa balaa, spika zikaanza kupiga filimbi. Halafu mvua ikashuka. Mvua ya huku unaijua ikiamua, na juu ya vichwa vyetu ni bati tupu, hakuna dari, hakuna hata ubao. Kuanzia hapo mimi niliyesimama hatua chache kutoka stejini niliona mdomo tu unacheza.

Nikarudisha viingilio, buku tano tano, mpaka boksi likaisha. Mimi mchana ni mama lishe Mheshimiwa, hela ya kuandaa ile shoo niliikopa kwenye kikoba chetu, wanawake wenzangu walinidhamini. Msanii nimemlipa maana kosa si lake, viti vya kukodi nimelipa, spika nimelipa, jenereta nimelipa, bendi iliyokuwa ifunge usiku nimewapa nauli wakaondoka bila kupiga hata wimbo mmoja. Nimebaki na deni na matusi. Kuna mtu kaniita tapeli mbele ya mwanangu. Mtoto akaniuliza njiani mama kwani umemuibia yule baba, na mimi nikakosa pa kuanzia, nitamweleza vipi mtoto wa darasa la sita habari za bati na dari.

Nakukumbusha, kwa heshima zote. Kwenye kile kikao chenu na wasanii ulisimama ukasema kabla ya msimu wa korosho tutakuwa na ukumbi wa kisasa, na tulipiga makofi, mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Msimu ukafika, minada ikaanza, pesa ikaingia mjini. Na huku kwetu pesa ya korosho ikiingia ndio wakati ambao mtu wa kawaida ana buku tano ya kutoa getini, kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, sasa na mvua nazo zinaanza humo humo, Novemba, Disemba. Kwa hiyo ukumbi usiohimili mvua Mtwara ni sawa na uliofungwa kipindi watu wana hela. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka mbali kuja kulisema, kila muuza karanga pale nje analijua.

Ukarabati ulifanyika, sikatai. Rangi ilipakwa, na kuta zikabandikwa tailsi mpaka juu ya usawa wa kichwa, zinang'aa. Nadhani, na hapa nakisia maana hakuna aliyetushirikisha, kuna mtu aliamini ukumbi mzuri ni ule unaopendeza kwenye picha siku ya mgeni rasmi. Au labda fungu lilikuwa la tailsi tu, sijui mambo yenu ya mafungu yanakwendaje. Ninachojua ni kwamba zile tailsi ndio zimetumaliza kabisa, afadhali ilivyokuwa zamani.

Naomba univumilie nieleze, maana haya nimejifunza kwa mafundi mitambo na kwa kusoma soma baada ya kuumia. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Ukumbi wetu ni mrefu, chukua mita 30, sauti iende ukutani na irudi ni mita 60, hapo imeshachelewa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa ngoma kubwa hilo unaweza kuvumilia, kwa mtu anayeongea ni msiba, maana silabi iliyorudi inaikalia silabi mpya. Na haiendi mara moja ikaisha, inagonga tailsi, inagonga saruji, inagonga bati, inazunguka humo humo. Kitu kigumu chenye uso wa kuteleza kinairudisha sauti karibu yote, kitu chenye vitundu na nyuzi nyuzi kama pazia, godoro, gunia, hata nguo za watu waliokaa, kinaimeza. Ndio maana siku ukumbi ukijaa pomoni sauti inatulia kidogo na siku watu wakiwa nusu inakuwa vurugu.

Mambo haya hayajaanza leo wala si ya Mtwara peke yake. Kule Marekani, chuo cha Harvard, mwaka 1895 walikuwa na ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu akisema neno linaendelea kusikika zaidi ya sekunde 5, wanafunzi hawaambulii kitu. Wakamkabidhi mwalimu wao wa fizikia, Wallace Sabine. Alichofanya, aliazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, usiku watu wakilala anaiingiza michache michache na kupima sauti inadumu muda gani, anaongeza mingine anapima tena. Mito ya kukalia tu Mheshimiwa. Na London kuna ukumbi wa Royal Albert Hall, ulifunguliwa 1871 na siku ile ile ya ufunguzi mwangwi ukasikika, wakahangaika nao mpaka 1969 walipotundika masahani makubwa juu karibu na kuba ndio ukapungua sana. Hao walikaa na tatizo karibu miaka 100, ndio, lakini sisi tuna bahati ya kuja baada yao, dawa inajulikana.

Najua utasema tatizo ni ukubwa, kwamba tungoje ukumbi mpya mkubwa. Mheshimiwa, hatujawahi kuomba ukubwa. Shoo haichangamki kwa ukubwa. Kule New York kuna klabu ya vichekesho ya Comedy Cellar, wapo tangu 1982, ni chumba cha chini ya ardhi, dari ya chini ukinyoosha mkono unaikaribia, wanaingia watu mia na kidogo, na wachekeshaji wakubwa wa Marekani wanapita pale kujaribu vichekesho vyao. Kwa nini pale? Kwa sababu watu wamebanana, kicheko cha huyu kinamwambukiza wa pembeni, kinagonga dari ile ya chini kinarudi hapo hapo, mchekeshaji anakipata kwa wakati anajua lini aingize neno linalofuata. Kwetu pale kicheko kinapanda kwenye bati kinapotelea juu, kijana anadhani watu hawajacheka, anaharakisha, anaharibu.

Na mbona mbali, hili wazee wetu wanalijua. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, inachezwa wapi? Kwenye duara. Watu wanasimama wanazunguka, wa mwisho kabisa hayuko mbali, anaona kiuno, anaona vumbi, anasikia njuga. Wapiga ngoma wanawasha moto wa majani pembeni wanakaza ngozi mpaka ngoma itoe sauti wanayoitaka, hawaanzi kabla. Hakuna mzee wa Newala atakayekubali kupiga ngoma iliyolegea eti kwa sababu mgeni rasmi amefika. Akitoka midimu, yule mchezaji wa Kimakonde, na barakoa yake watoto wanakimbia maana yuko karibu, wanaona macho. Ukiiweka midimu hiyo hiyo katikati ya uwanja wa mpira, watu wako majukwaani, inakuwa kitu kidogo kinarukaruka kule. Nimeyaona haya kwenye sherehe na roho inauma.

Bendi nayo inataka mahali pa kukaa. Mlimani Park, hao Sikinde, walianza 1978 na jina lao ni la ile baa waliyokuwa wanapiga Dar, watu walijua ukienda utawakuta. Zanzibar, tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza 2004 na watu wanalijua na Ngome Kongwe, kuta za mawe, uwazi juu, steji watu wanaizunguka kwa karibu. Sasa sisi vijana wetu wa singeli, wa bongo fleva, wa taarabu, wanapiga wapi kila wiki mpaka watu wazoee? Wanapiga kwenye baa pembeni ya jiko la chipsi, au kwenye sherehe za jando na unyago, wakipata jina kidogo wanapanda basi. Tunawapoteza wakiwa bado hawajakomaa, halafu wakija kutoboa Dar tunawalipa hela nyingi waje kutuimbia kwetu.

Mwanzo niliomba vitu vingi, nakiri barua zangu za kwanza zilikuwa ndefu. Niliomba vyoo vya wanawake viwe na komeo na maji, maana dada akiambiwa ajisitiri nyuma ya ukuta saa nne usiku wiki ijayo harudi. Niliomba chumba cha msanii kubadilishia nguo, Jumamosi kijana wa watu kabadilia nyuma ya gari. Niliomba jenereta la ukumbi likae mbali nyuma, sio dirishani. Niliomba swichi ya taa za watu iwe peke yake na ya steji peke yake, maana mtu hacheki vizuri akiwa amemulikwa na taa nyeupe kama yuko benki, anaona aibu, anabana kicheko. Niliomba madirisha ya juu upepo wa bahari upite, joto la huku unalijua. Niliomba taa nje pale bodaboda wanapokaa ili watu wa Chuno na Naliendele warudi salama. Yote bado nayataka na yote yana maana.

Lakini leo nayaweka pembeni. Naomba dari.

Dari tu Mheshimiwa. Silingi bodi, na juu yake kitu cha kuzuia kelele za mvua, hata sufi ya kujazia, hata tabaka la majani, mafundi wa hapa wanajua. Ukuta wa nyuma, ule wenye tailsi unaotazamana na steji, kama hakuna pesa ya pazia zito basi turuhusuni tutundike magunia. Huu ni mji wa korosho, magunia yaliyotoboka yapo, yanakunjwa mara mbili mara tatu, yanashonwa kwenye fremu za mbao, yanaachwa mwanya kidogo na ukuta, wanawake wa kikoba tutashona wenyewe bure. Mwaka jana nilileta ombi hilo hilo la magunia nikajibiwa kwa mdomo na mtu wa mapokezi kwamba yataharibu mandhari. Mandhari ya nani, wakati watu wanakuja kusikia? Kama shida ni moto mtuambie tuyatibu na tuweke ndoo za mchanga na mitungi ya kuzimia, tutafanya, ila mtuambie basi.

Na kama hata dari haiwezekani mwaka huu, tafadhali niandikieni. Msinipokee kwa tabasamu na muhuri. Niandikieni haiwezekani kwa sababu hii na hii, ili nijue, nisikope tena hela za watu nikiamini mvua ikinyesha tutasikiana. Na pesa ya ukumbi ya Jumamosi naomba irudishwe, angalau nusu, niipeleke kwenye kikoba kabla ya kikao cha mwisho wa mwezi, maana niliahidi mbele ya wenzangu.

Ukitaka kuhakikisha usinisikilize mimi. Njoo wewe mwenyewe, jioni yoyote, usije na msafara. Nitakuomba ukae kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, mimi nipande stejini bila maiki nikusomee barua hii, halafu unieleze umesikia sentensi ngapi. Mafundi wawili wa dari nimeshaongea nao, wako tayari kuja kupima bila malipo siku hiyo hiyo. Minada ya korosho ya msimu ujao ikianza tutakuwa tumechelewa, kwa hiyo naomba iwe mwezi huu.

Dari, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama lishe na mwandaaji wa shoo, Mtwara