Ami, kabla ya kutangaza mchango wa India

Assalaam aleikum Ami,

Ile video uliyoituma kwenye kikundi cha ukoo, ya chembe za damu zinazofunzwa kuua saratani, si uzushi. Tiba ipo, inaitwa CAR-T. Marekani iliidhinisha ya kwanza, Kymriah, Agosti 2017, kwa watoto na vijana wa hadi miaka 25 wenye lukimia (saratani ya damu) ya seli B, aina moja ya chembe nyeupe za damu, kama ya kijana wako, ikiwa imekataa dawa au imerudi mara ya pili au zaidi. India iliidhinisha ya kwake, NexCAR19, Oktoba 2023, kwa wagonjwa wa miaka 15 kwenda juu. Ilitokana na kazi ya IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial. Safari ya kumpeleka kijana India ina maana basi. Lakini tarehe ya mchango isitangulie ripoti ya maabara.

Ripoti tunayoitaka ni ile inayosema kama seli za ugonjwa wake zina CD19. Hiyo ni protini inayokaa juu ya seli B. Hospitali huchukua seli T za mgonjwa mwenyewe, yaani askari wa kinga yake, kisha kirusi kilichonyang'anywa uwezo wa kuzaana huziingizia jeni ya kutengeneza kipokezi kinachoinasa CD19. Seli T ikiinasa, inaua, na haichagui: seli B nzima na zile mbovu zote zinakwenda. Seli isiyo na CD19 haionekani kabisa. Kwa hivyo wale walioulizia saratani ya matiti na ya koo kikundini waambie ukweli, kwamba tiba hii bado haijafanya kazi ya kutegemewa kwenye vivimbe vya aina hiyo. (Ajabu ni kwamba ugonjwa wa lupasi umeitikia. Madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walichapisha habari za mgonjwa wa kwanza mwaka 2021. Uliitikia kwa sababu katika lupasi seli B ndizo zinazotengeneza silaha za kuushambulia mwili. Bado ni utafiti.)

Sasa steroidi, dawa zinazotuliza kinga. Kijana akiwa anameza deksamethasoni au prednisoloni, seli T zake zinakufa, na hizo ndizo malighafi. Kwa kawaida dawa hizo husimamishwa siku 3 hadi 7 kabla ya kukusanya seli, lakini asiziache mwenyewe nyumbani. Daktari wake ndiye wa kupanga. Ukusanyaji huchukua saa 3 hadi 6: damu hutoka, mashine huchuja seli nyeupe, iliyobaki hurudi mwilini. Dawa ya kuzuia damu isigande hushusha kalsiamu, kwa hivyo akihisi midomo na vidole vinamtambaa, aseme hapo hapo apewe kalsiamu.

Baada ya hapo kuna kungoja, wiki 2 hadi 4 au zaidi, na wakati huo lukimia haingoji. Mara nyingi hupewa keemo (dawa za kuua saratani) ya kuishikilia. Wengine huharibikiwa hapa, hali ikizidi kabla mfuko wa seli zilizobadilishwa haujafika, au seli zikikataa kukua vya kutosha. Mfuko ukifika hupewa kwanza keemo mbili, fludarabini na siklofosfamidi, kwa siku chache, ili kuzipisha seli mpya. Zenyewe huingia kwa dripu katika muda usiozidi nusu saa, bila kichujio cha seli nyeupe kwenye mpira, maana kichujio hicho kingezinasa zote. Chumba kitanuka kama kitunguu thomu. Ni kile kihifadhi cha kugandishia, usishtuke.

Hatari yenyewe iko kwenye wiki mbili zinazofuata. Seli zikianza kuua hutoa kemikali nyingi, na homa hupanda kupita nyuzi 38, presha ikashuka, pumzi ikakatika. Dawa yake ni tosilizumabu, na hospitali iwe nayo kabatini kabla ya kumtia seli. La pili ni ubongo kuvurugika. Kila siku humpima kwa kumwambia aandike sentensi moja, ataje vitu vitatu na ahesabu kutoka 100 kwa kupunguza kumi kumi. Hapa ndipo atakayemsindikiza ana kazi kubwa. Muuguzi asiyejua Kiswahili hatajua kama mgonjwa amechanganyikiwa au Kiingereza kimemtoka tu. Basi msindikizaji amhoji kwa Kiswahili asubuhi na jioni, aiweke ile karatasi ya sentensi, na mwandiko ukibadilika amwite daktari usiku huo huo. Usimtume mtu wa kulala hotelini mchana kutwa.

Kuhusu pesa: Kymriah ilianza kwa dola 475,000, dawa peke yake. Ya India ni takriban moja ya kumi. Lakini mchango uhesabu pia kitanda, ICU kama itahitajika, damu, na pango la watu wawili karibu na hospitali kwa wiki nne baada ya seli.

India huwadai wasafiri kutoka Kenya kadi ya homa ya manjano, na chanjo hiyo ina virusi hai. Asipigwe kijana ambaye kinga yake imeshushwa na keemo. Kama alichanjwa zamani, kadi ni ya maisha. Kama hakuchanjwa, omba barua ya daktari na uulize ubalozi mapema, maana asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Akirudi, seli B huenda zisiwepo kwa miezi mingi, na huenda akahitaji dripu ya immunoglobulini, yaani protini za kinga. Homa yoyote Mombasa tutaidhania malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini aende hospitali siku hiyo hiyo na kadi yake inayosema alitibiwa kwa CAR-T mfukoni, asituliziwe kwa Panadol.

Katika jaribio lililochapishwa la Kymriah, kati ya watu 75, asilimia 81 lukimia ilitoweka ndani ya miezi mitatu. Baadhi yao ilirudi, pengine ikiwa imeivua CD19 ili isionekane.

Basi Ami, kesho omba hospitali ya Makadara nakala ya ripoti ya uboho, orodha ya keemo zote na tarehe zake, na vipimo vya homa ya ini B na C na HIV. Homa ya ini B iliyolala huweza kuamka kwa tiba hii, na hospitali ya huko itauliza hilo kabla hata ya kukutajia bei.