Mtandao ukirudi, programu isubiri

Kwa Mhariri,

Hapa Lamu mtandao huenda na kurudi. Stima ikipotea Langoni na kurejea, ruta za mtaa mzima huwaka kwa pamoja. Abiria wa boti ya Faza hupoteza mtandao na kuupata tena kabla hajafika gatini. Kila unaporudi, programu nyingi huona zimepewa ruhusa: hupakua masasisho na kupandisha picha bila kumwuliza mwenye bando. Twasema programu isifanye hivyo, na twawaomba vijana wa Pwani wanaotengeneza programu wasiufuate mtindo huo.

Hesabu ni nyepesi. Picha ya simu yenye MB 4, zikiwa 200, ni MB 800. Aliyenunua bando la GB 1 ajaze fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hubaki na MB 200 hivi, na fomu bado hajaigusa.

Kuchagua “Wi-Fi pekee” hakumkingi, kwa sababu hotspoti ya simu nayo ni Wi-Fi mbele ya kompyuta. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao huo na uwashe kitufe cha Metered connection, yaani mtandao unaopimwa kwa bando. Masasisho mengi yatasimama. Lakini kitufe hicho hufuata jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotspoti, kompyuta huiona ngeni na kizuizi hakipo tena. Hili huwaponza wengi.

Google walishalitambua tatizo hili. Zamani tangazo moja la ndani ya simu, kwamba mtandao umebadilika, liliamsha programu nyingi kwa mara moja, zikala memori na betri. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, programu zilizoundwa kwa toleo hilo na yaliyofuata haziamshwi hivyo zikiwa zimelala. Huiachia JobScheduler, mpangaji wa kazi wa Android, kazi pamoja na masharti yake, kwa mfano simu iwe kwenye chaji na mtandao uwe usiopimwa.

Kwa wanaotumia Linux, hati (faili za amri) zilizomo /etc/NetworkManager/dispatcher.d huendeshwa zenyewe mtandao unapobadilika, tena kwa mamlaka ya root, mtumiaji mwenye uwezo wote. Anayeweza kuibadilisha hati hiyo ameishika kompyuta yote. Kwa hiyo mmiliki wa faili awe root, na mwingine yeyote asiruhusiwe kuiandika. Hati hupokea jina la kiunganishi (cha waya au cha Wi-Fi) na neno la tukio, kwa mfano kuwaka au kuzima. Mwandishi asipoyakagua yote mawili, waya na Wi-Fi zikiwaka pamoja kazi itafanyika mara mbili. Weka kufuli kwa flock, amri inayozuia kazi moja kuendeshwa mara mbili kwa pamoja.

Tena, kuunganishwa si kufika intaneti. Katika nyumba za wageni za Shela unaweza kupata anwani ya IP na bado ukakutana na ukurasa wa kuomba nenosiri. Programu inayotuma ripoti kwa HTTP tupu, isiyothibitisha seva, hupokea jibu la 200 (yaani “sawa”) kutoka ukurasa huo, ikadhani ripoti imefika, ikafuta nakala yake. Data imepotea, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Tumieni HTTPS, na msifute kitu kabla seva yenu wenyewe haijathibitisha. Ikishindikana, programu ingoje sekunde 30, kisha 60, kisha 120, na kila mashine iongeze sekunde chache za kubahatisha ili zote zisigonge mlango pamoja stima ikirudi.

Kazi moja twaiunga mkono ianze papo hapo: kusahihisha saa. Kompyuta ambayo betri yake ya CR2032 imekufa huamka na tarehe ya zamani, vyeti vya tovuti vikakataliwa, na mteja akadhani mtandao ni mbovu. Ujumbe wa NTP, njia ya kuuliza saa mtandaoni, ni baiti 48 tu. Haumpunguzii mtu bando.

Wapo wanaohofia kwamba kompyuta isiyojisasisha itabaki wazi kwa virusi. Hofu hiyo ni ya haki, na masasisho ya usalama yasiachwe. Mwenye saiba, yaani duka la intaneti, achague usiku mmoja kila wiki, aziache mashine zikiwaka kwenye laini ya duka isiyo na kikomo cha data, zipakue zote, na asubuhi aziwashe upya kabla wateja hawajaingia.

Mafundi wa kompyuta,
Langoni, Lamu