Njano ya blondi haiondoki kwa tona, inaondoka kwa blichi iliyofanywa kwa uvumilivu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo niongelee hii blondi ya barafu, ile nyeupe inayokaribia silva ambayo wengine wanaiita platinamu, maana saivi ndo habari ya mjini, mabinti waliokata low wanaitaka, vijana wa kiume wanaitaka, mpaka mabibi harusi wanaitaka, na wanaoipata kweli ni wachache. Wengi wanatoka saluni na kichwa cha rangi ya chungwa afu wanaambiwa nenda kanunue shampuu ya zambarau itakaa sawa. Haikai sawa. Mi ni msusi hapa Dar, kazi hii ndo inanilisha, na inaniuma sana kuona mtu katoa hela yake, nywele zimekatika, na alichokiomba bado hajapewa.

Kilichonifanya niandike ni ukurasa wenu wa urembo kusema kwamba siri ya kukwepa unjano ni tona nzuri, yaani ile rangi nyepesi inayopakwa baada ya blichi. Hapo mhariri sikubaliani kabisa. Tona ni kazi ya mwisho, ya dakika chache, kazi yenyewe inakuwa imeshaharibika au imeshafanikiwa kabla tona haijafunguliwa.

Ngoja nieleze. Weusi wa nywele zetu unatokana na melanini, na melanini yenyewe ziko za aina mbili, kuna ile nyeusi na kahawia, afu kuna ile nyekundu na njano. Blichi ikiingia ndani ya unywele inaivunja ile nyeusi mapema, ila hii nyekundu na njano inang'ang'ania mpaka mwisho, ndo maana kichwa cheusi kikitolewa rangi lazima kipite njia ileile, kwanza kahawia, inakuja nyekundu, inakuja chungwa, inakuja dhahabu, njano, halafu njano iliyopauka. Hakuna blichi ya kuruka hatua, iwe ya bei ghali iwe ya bei chee. Wasusi tunahesabu kwa levo kuanzia 1 mpaka 10, levo 1 ni nyeusi tii na levo 10 ni ile njano iliyopauka kama upande wa ndani wa ganda la ndizi, na hapo kwenye 10 ndo pekee unaweza kuweka tona ukapata barafu. Sisi wengi tunaanzia levo 1 au 2. Sasa zile video za kwenye simu zinazoonyesha mtu anakuwa mweupe kwa kukaa mara moja, angalia vizuri, mara nyingi kaanzia levo 6 au 7 huko, nywele zake zilikuwa karibu nusu ya safari tayari, muda wake hauwezi kuwa muda wako.

Na tona inafanyaje? Inafunika tu. Zambarau inaua njano, bluu inaua chungwa, kijani inaua nyekundu, basi. Ukiweka tona ya zambarau juu ya nywele zilizogomea kwenye chungwa unapata rangi ya matope, ukiosha mara kadhaa chungwa lipo palepale linakuangalia. Ile shampuu ya zambarau nayo ni hivyohivyo, inatunza blondi iliyokwisha kufika, haiwezi kuifikisha. Kwa hiyo mteja akija kwangu na kichwa cha chungwa akaomba nimwekee tona namwambia ukweli, hapa tunarudi kwenye blichi kama nywele zina nguvu, na kama hazina tunasubiri, hata kama ana sherehe Jumamosi.

Kwenye developa ndo kuna balaa lenyewe. Developa, ile inayochanganywa na unga wa blichi, ni haidrojeni peroksaidi, na namba kwenye chupa zina maana, 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9 na 40 ni asilimia 12. Ulaya sheria yao inaishia hapo kwenye 12 kwa bidhaa za nywele, haizidi. Huku kwetu mtu akiona nywele nyeusi tu anakimbilia 40 anasema hizi ngumu, anaipaka mpaka kwenye ngozi, mteja analia inaungua anaambiwa vumilia urembo una gharama. Jamani hapana! 40 inafungua unywele kwa fujo, inauchosha kabla rangi haijatoka yote, mwisho unabaki na chungwa na nywele hazina tena uwezo wa kurudia. Mi natumia 20, inaenda taratibu, ila inafika mbali na unywele unabaki unywele. Kuwashwa kidogo ni kawaida, kuungua sio kawaida, ukisikia inaunguza sema ioshwe hapohapo, usimwonee aibu msusi.

Jambo lingine ni joto. Kichwa kina joto lake, blichi iliyo karibu na ngozi inafanya kazi haraka kuliko iliyo mbali. Kwa mtu mwenye nywele ndefu ukianza kupaka kwenye mizizi unapata mizizi nyeupe, katikati njano na ncha chungwa, tumeziona sana hizo. Unaanza kati na ncha, unaacha kama sentimita moja na nusu toka kwenye ngozi, mizizi inakuja mwisho. Hapa ndo mtu wa low ana bahati, nywele zake zote ziko karibu na ngozi, zinapata joto sawa, na ni mpya, hazijapigwa rangi wala dawa, kwa hiyo zinapanda levo pamoja. Kama ungeniuliza mimi blondi ya barafu inampendeza nani na inamtesa nani kidogo, ningesema mtu wa low bila kufikiria mara mbili. Ila na yeye asioshe kichwa jana yake wala leo asubuhi, yale mafuta ya asili yabaki yakinge ngozi, maana kwake blichi yote inakaa juu ya ngozi.

Na naomba wasusi wenzangu tuache kumwingiza mtu kwenye draya akiwa na blichi kichwani. Kwa joto la Dar hakuna haja kabisa. Vilevile feni isimpige, blichi ikikauka inaacha kufanya kazi, unakaa unasubiri unafikiri inapanda kumbe imeshalala zamani. Funika na nailoni bila kubana, angalia mara kwa mara. Kuangalia kwenyewe sio kuchungulia, ule unga ni mweupe au wa bluu, unakudanganya macho, unatakiwa uchukue kishungi kimoja ukifute na taulo lenye maji, ukipeleke kwenye mwanga wa mlangoni ndo utaona rangi ya kweli. Ukikivuta kikiwa kibichi kikarefuka kama mpira na hakirudi, simama hapohapo, osha, hata kama bado ni njano. Na ukifika kwenye njano iliyopauka simama pia, usisubiri iwe nyeupe kabisa ndani ya blichi, weupe unaletwa na tona, ukiusubiri kwenye blichi nywele zitabaki kwenye taulo.

Sasa niseme la kwetu pwani ambalo hizo video hazilisemi. Wanawake wengi wamewahi kupaka piko, super black, au hina kwenye nywele. Mtu anakuja anasema nywele zangu za asili sijaweka kitu, ukimuuliza taratibu anasema aa ile piko ya Idi tu. Dada yangu ile piko ya Idi ipo bado, rangi nyeusi ya dukani haitoki kama weusi wako wa kuzaliwa, inatoka kwa viraka, na ndo hapo unakuta bendi moja nyekundu katikati ya kichwa haitaki kwenda popote. Hina safi ya majani nayo imeshikana na unywele wenyewe, uchungwa wake hautoki wote. Mbaya zaidi ni zile hina za paketi zilizochanganywa na chumvi za madini, zikikutana na peroksaidi zinaweza kupata moto na kutoa mvuke, unywele ukaungua. Kwa hiyo kabla ya chochote nakata kishungi kidogo nyuma ya sikio, nakipaka blichi kwenye kibakuli, nakiacha. Kikipata joto au kikianza kufuka, siendelei na hicho kichwa, hata mteja akinuna. Kikipanda vizuri nakuwa nimeshajua kitafika levo ngapi, na mteja anaona kwa macho yake kabla hajatoa hata shilingi.

Wenye dawa ya kunyoosha nywele, hapa mtanisamehe, mi simpaki blichi mtu mwenye dawa. Dawa imeshavunja viungo vya ndani vya unywele, blichi inakuja kuvunja vilivyobaki. Kuna hizi bidhaa za kuimarisha viungo, Olaplex iliyotoka 2014 ndo iliyofungua njia na zingine zikafuata, zinasaidia na mi nazitumia, lakini sio ruhusa ya kufanya chochote unachotaka. Mwenye dawa na anaitaka sana blondi akate aanze upya, au avae wigi. Wigi ya 613, hiyo ni namba ya rangi ya blondi iliyopauka, ya nywele za binadamu ikiwekwa tona ya zambarau vizuri inatoka barafu safi, kichwa chako kinabaki salama chini yake, na hakuna aibu yoyote hapo.

Mwenye nywele ndefu nyeusi za asili inawezekana, ila kwa awamu. Leo unaishia chungwa, linafunikwa na kahawia nzuri ya kutembelea, unapumzisha wiki kadhaa na stimu na kondishina, unarudi. Anayekuahidi toka nyeusi mpaka barafu kwa mchana mmoja muulize nywele zitabaki ngapi.

Halafu kuna maji, hili nalisema kila siku. Mtu anatoka saluni mweupe kabisa, baada ya wiki mbili anarudi na unjano wa kutu, anamlaumu msusi. Ukimuuliza anaoga maji gani, ya kisima. Maji ya kisima yakiwa na chuma yanaacha kutu kwenye nywele zilizofunguliwa na blichi, na yenye shaba, au yale ya bwawa la kuogelea, yanaleta ukijani. Suuza ya mwisho fanya na maji ya mvua au ya kununua, ndoo ndogo inatosha, na mara mojamoja tumia shampuu ya kuondoa madini. Shampuu ya zambarau mara moja kwa wiki, ukiipaka kila siku nywele zinakauka na kuwa kijivu cha madoadoa. Pasi ya nywele ipunguze moto, moto mkali unarudisha unjano. Mafuta ya nyonyo yale ya kahawia yaache, tumia ya nazi safi, na tena mafuta ya nazi ukiyapaka usiku kabla ya siku ya blichi yanapunguza unywele kupoteza protini. Ritachi kila wiki 4 mpaka 6, kwenye ukuaji tu, usipandishe blichi juu ya nywele zilizokwisha kuwa nyeupe.

La mwisho ni vifaa. Nimekuta dukani unga wa blichi umefungwa kwenye kimfuko kisicho na jina, na developa imemiminwa kwenye chupa ya maji, muuzaji anasema hii kali. Kali kiasi gani? Asilimia ngapi? Hajui. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, nawaomba wapite kwenye maduka ya vifaa vya saluni na hili waliangalie, kama wanavyoangalia krimu za kujichubua. Na wasusi wenzangu vaeni glovu na fungueni madirisha, ule unga una kemikali ya pasalfeti, vumbi lake linajulikana kuleta pumu kwa watu wa kazi yetu, na wadogo zetu wanaojifunza kazi ndo wanaochanganya siku nzima wakiwa kwenye kichumba hakina hata tundu la hewa.

Kwenu wahariri nina ombi moja. Mkichapa picha ya blondi kwenye ukurasa wa urembo andikeni chini yake kama ni wigi au nywele zake, na kama ni nywele zake ameketi saluni mara ngapi mpaka kufika hapo. Mabinti wanakuja kwangu na picha zenu mkononi wameambiwa ni tona, na ndo napata kazi ya kuwaeleza yote haya wakati mwingine nywele zao zimeshakatika kwingine.

Wenu,
Msusi, Mwananyamala
Dar es Salaam