Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaosomea sheria Minnesota

Wanangu,

Salamu nyingi. Nawaandikia nyinyi mnaosomea sheria Minneapolis na Saint Paul, pamoja na wale mnaojiandaa kwa mtihani wa uwakili. Wazazi wenu nao wasome, kwani nusu ya maneno haya ni yao. Mimi ni mkalimani mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya Waswahili katika mahakama za jimbo hili na kuwapa sauti kwa lugha ya mahakama, na humo ndimo nilimojifunza nitakayoyasema.

Nataka baadhi yenu muwe majaji hapa. Na nataka sisi tuliowalea tujue namna ya kuwafikisha huko, kisha tuwaachie mfanye kazi.

Kwetu jaji huteuliwa. Kenya, Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji waombaji, na mwaka 2011 tulimtazama Willy Mutunga akiulizwa maswali hadharani kabla ya kuwa Jaji Mkuu. Mwaka 2017 tukaona Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ikifuta uchaguzi wa rais. Kwa hiyo Mkenya hahitaji kufundishwa uzito wa jaji. Ila hakuna aliyetulea akituambia kwamba jaji anaweza kuombewa kura, na ndiyo maana watu wetu hapa wanapitwa na jambo hili.

Minnesota kila jaji wa jimbo, wa wilaya, wa rufaa na wa Mahakama ya Juu, huchaguliwa na wapiga kura kwa muhula wa miaka 6. Hana chama kwenye karatasi ya kura. Akifika umri wa miaka 70 anastaafu, apende asipende. Kuna mlango mwingine, na wengi huingilia huo: jaji akiondoka kabla muhula wake haujaisha, gavana humteua mwingine, na huyo aliyeteuliwa hukutana na wapiga kura katika uchaguzi mkuu unaokuja baada ya kupita zaidi ya mwaka mmoja. Sasa itazameni hiyo karatasi. Juu kuna rais au gavana, kisha wabunge, kaunti, bodi ya shule. Majaji wako mwisho, mara nyingi upande wa nyuma, jina baada ya jina. Jaji anayetetea kiti ameandikiwa pembeni kwamba ndiye aliye madarakani, na mara nyingi hana mpinzani. Mtu wetu aliyetoka zamu ya usiku akifika hapo huacha wazi, akarudi nyumbani akiamini amemaliza kupiga kura.

Yule aliyeachwa wazi ndiye atakayeamua mtoto alale kwa nani wazazi wakiachana. Ndiye atakayemsomea kijana wenu mashtaka. Mwaka 2021 dunia nzima ilifuatilia kesi ya Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd, lakini ni wangapi kati yetu walioona kwamba aliyemhukumu kifungo cha miaka 22 na nusu alikuwa jaji wa wilaya, wa aina hiyo hiyo ya majina ya nyuma ya karatasi?

Kuhusu safari yenyewe ya ujaji, someni maisha ya Alan Page. Baba zenu wakisikia jina hilo watataja futboli ya Kimarekani, na hawakosei. Alizaliwa Canton, Ohio, mwaka 1945, akaja kuchezea Minnesota Vikings mwaka 1967, na mwaka 1971 akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima, beki wa kwanza kupata heshima hiyo. Lakini bado akiwa mchezaji alikuwa akisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akahitimu mwaka 1978. Akafanya kazi katika kampuni ya mawakili, kisha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Hapo alikaa miaka, akifanya kazi ya kawaida ya wakili wa serikali, wakati jina lake lingemtosha kuishi kwa sifa za uwanjani.

Alipotaka kiti cha Mahakama ya Juu alikuta uchaguzi umeondolewa. Gavana alikuwa ameongeza muda wa jaji aliyekikalia ili afikie masharti ya pensheni, na kwa hiyo Page hangeweza hata kusajiliwa kama mgombea. Hakulalamika redioni. Alikwenda mahakamani. Majaji wa mahakama hiyo walijiondoa kwa kuwa jambo liliwahusu, wakakaa majaji wa muda, nao wakaamua kwamba uchaguzi lazima ufanyike. Mwaka huo huo wa 1992 wananchi wakamchagua, akawa Mtu Mweusi wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Minnesota. Walimrudisha mwaka 1998, 2004 na 2010, mpaka umri ulipomtoa mwaka 2015.

Nawaomba mtazame alichofanya kabla ya 1992. Mwaka 1988 alipoingizwa katika jumba la heshima la futboli huko Canton, desturi ilikuwa kocha au mchezaji mwenzako akujulishe kwa umati. Yeye alimwomba mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari ya Minneapolis, na hotuba ya Page mwenyewe ikawa juu ya elimu. Mwaka huo huo yeye na mkewe Diane walianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana, na sharti la mfuko ni kwamba kijana anayelipiwa chuo lazima naye akawasaidie watoto wadogo masomoni. Watu wa jimbo hili walimpigia kura mtu waliyekwisha kumwona shuleni kwa watoto wao. Ndiyo maana mwaka 2017 shule moja ya Minneapolis ilipobadilishwa jina, wanafunzi wenyewe wakiwa wamelisukuma jambo hilo, ilipewa jina lake.

Binti zangu, nyinyi someni pia habari za Rosalie Wahl. Alianza kusomea sheria akiwa karibu na miaka 40, ana watoto nyumbani, na akajifungua mwingine masomo yakiendelea. Akawa wakili wa kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo wa kulipa. Mwaka 1977 gavana alimteua, mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka uliofuata wanaume wakajitokeza kugombea kiti chake. Akawashinda. Mama akiniambia binti yake amechelewa kwa kuwa ameolewa na ana watoto, humtajia huyu.

Na kuna kesi moja ambayo kila mmoja wenu aijue kabla hajavaa joho. Sheria ya Minnesota wakati huo ilisema anayekamatwa na gramu 3 za kokeini ya mawe aweza kufungwa hadi miaka 20, lakini wa kokeini ya unga, akiwa na chini ya gramu 10, mwisho wake ni miaka 5. Takwimu za 1988 zilionyesha kwamba asilimia 96.6 ya walioshtakiwa kwa ile ya mawe walikuwa Weusi, na asilimia 79.6 ya walioshtakiwa kwa ile ya unga walikuwa Weupe. Jaji wa wilaya katika Kaunti ya Hennepin, yenye Minneapolis, Pamela Alexander, mwanamke Mweusi, aliletewa kesi ya vijana Weusi watano. Alizipima sababu za serikali za kutenganisha adhabu, akaziona hazina ushahidi wa kutosha, akasema sheria hiyo inavunja haki ya usawa katika katiba ya jimbo. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamuunga mkono, na aliyeiandika hukumu hiyo ni Rosalie Wahl. Jaji wa ngazi ya wilaya alikuwa ameliona jambo kwanza, akiwa na kiti ambacho wapiga kura wangeweza kumnyang'anya.

Sasa niwaonyeshe kitu kidogo nilichokiona mara nyingi nikiwa kazini. Mshtakiwa wetu anakiri kosa. Jaji anamuuliza: unaelewa kwamba unaacha haki ya kesi yako kusikilizwa na wazee wa baraza, yaani jopo la raia? Anajibu, ndiyo. Unaelewa kwamba kukiri huku kunaweza kukufanya urudishwe ulikotoka? Ndiyo. Kuna mtu amekulazimisha? Ndiyo. Hapo jaji mvivu husikia kosa la lugha, akaendelea. Jaji mzuri huweka kalamu chini. Huyu mtu amelelewa asimbishie mkubwa, hasa aliyekaa juu na kuvaa joho. Kila swali kwake ni amri inayongoja kukubaliwa. Nilimwona jaji mmoja akiacha karatasi yake ya maswali na kusema, "Nieleze kwa maneno yako mwenyewe, nini kitatokea ukikiri leo?" Yule bwana akanyamaza muda mrefu, kisha akasema anafikiri ataenda nyumbani na mambo yataisha. Jaji akaahirisha na kumrudisha kwa wakili wake. Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno, na mara ngapi nimekaa pale nikitamani aliye juu ajue ninachojua! Ndiyo sababu nawataka nyinyi.

Lakini mkifika, hamtakuwa wetu kama tulivyozoea, na hapa nazungumza na wazazi. Jaji wa Minnesota haruhusiwi kumpigia debe mgombea wa kisiasa. Hapaswi kupita mtu kwa mtu akiomba michango ya kampeni yake. Kamati ndiyo hukusanya. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2002, kesi iliyotoka jimbo hili hili, mgombea ujaji anaweza kutoa maoni yake juu ya mambo yanayobishaniwa, lakini bado hawezi kuahidi ataamua kesi vipi. Kwa hiyo msimfanye mgeni rasmi wa kuvutia bahasha kwenye harambee. Msimpigie simu usiku kumweleza kesi ya shemeji. Akikataa kukusikiliza msimwite mwenye kiburi. Akiletewa kesi ya ndugu yake atajiondoa, na ni wajibu wake. Mkimsumbua mtamvunjia kazi, na adui zake watapata la kusema wakati wa kura.

Nyinyi vijana jizoezeni umbali huo tangu sasa, bila kujitenga. Kaeni kwenye kamati za shule, toeni ushauri wa bure kwa wapangaji wanaofukuzwa, fanyeni kazi ya utetezi wa umma au ya uendeshaji mashtaka, mjulikane na Mlatini, Msomali, Mhmong na mzee Mzungu wa mtaani, kwa kuwa kura za Waswahili peke yao hazimfikishi mtu popote katika Hennepin. Na ingieni mahakamani mkasikilize. Milango ya kesi nyingi iko wazi kwa yeyote. Asubuhi moja ya kukaa benchi la nyuma itawafundisha tabia za majaji kuliko kusimuliwa.

Wazazi, mwezi wa Oktoba chukueni mfano wa karatasi ya kura kutoka tovuti ya ofisi ya Katibu wa Jimbo, mkae na watoto hawa mezani, mgeuze upande wa pili, wawaeleze jina moja moja la majaji. Andikeni mliyokubaliana na mwende nayo kituoni, inaruhusiwa. Na mwajiri wenu anatakiwa na sheria kuwapa muda wa kwenda kupiga kura bila kuwakata mshahara.

Ni mimi mzee wenu,
mkalimani mstaafu, Brooklyn Park, Minnesota