Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mishahara Yetu na Mahali Tunapofanyia Kazi

Ndugu wanachama,

Mwaka jana kamati ilikusanya na kuwagawia orodha ya mishahara ya wauguzi watabibu, yaani wauguzi wenye mafunzo ya juu wanaopima wagonjwa na kuandika dawa, hapa Marekani, na leo ni wajibu wangu kukiri kwamba orodha hiyo imetuletea hasara kuliko faida. Ilitaja mshahara wa mwaka wa hospitalini, wa kliniki za madaktari, wa vituo vya afya vya jamii na wa nyumba za wazee, lakini haikueleza hata mahali pamoja nani analipia nini baada ya mshahara huo.

Mwanachama wetu mmoja aliisoma, akaacha kazi katika kituo cha afya cha jamii kisicho cha faida, akajiunga na kliniki ya watu binafsi iliyomwahidi mshahara mnono zaidi. Alikuwa amekwisha kulipa miezi 96 kati ya 120 inayotakiwa na mpango wa serikali wa kuwafutia mikopo ya masomo wanaotumikia umma. Malipo yake hayakupotea, ila hesabu ilisimama siku aliyoondoka, kwa kuwa mwajiri wa kibiashara hahesabiwi katika mpango huo. Isitoshe, kituoni madai ya wagonjwa dhidi yake yalibebwa na serikali kuu, ilhali bima ya kliniki mpya inalipa tu madai yanayowasilishwa wakati yeye bado yupo kazini. Akiondoka, kinga ya madai ya baadaye, ile tunayoiita "mkia", mkataba unasema atainunua mwenyewe. Tulipokaa naye mezani, barua mbili za ajira zikiwa zimewekwa ubavu kwa ubavu, nyongeza aliyoifuata ilikuwa imemezwa yote.

Suala lililotuchukulia muda mwingi zaidi mwaka huu ni bonasi katika kliniki za madaktari. Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, humlipa muuguzi mtabibu asilimia 85 ya kile inachomlipa daktari kwa huduma ileile, utaratibu uliotokana na sheria ya mwaka 1997. Hata hivyo, mgonjwa ambaye daktari alikwisha kumwona na kumpangia matibabu anaweza kuhudumiwa na muuguzi, kisha malipo yakadaiwa kwa namba ya daktari na kulipwa kwa ukamilifu. Masharti ya usimamizi yakitimizwa, hilo ni halali, wala simlaumu mwenye kliniki kwa kuifuata sheria inayomnufaisha. Ninacholalamikia ni bonasi kukokotolewa kwa ziara zilizoandikwa kwa namba ya muuguzi peke yake. Mwanachama mmoja alituletea taarifa yake ya robo mwaka pamoja na daftari dogo ambamo kila jioni huandika idadi ya wagonjwa aliowaona. Jumanne moja daftari linasema 19, taarifa inasema 7. Wale 12 walihesabiwa kwa daktari, ambaye siku hiyo alikuwa chumba cha pili. Ajabu ni kwamba mwanachama huyo alikuwa amekwisha kuitwa ofisini kuulizwa kwa nini kasi yake ya kazi ni ndogo.

Kwa wanaofikiria kufungua kliniki zao, jimbo lina uzito mkubwa. Minnesota tangu mwaka 2015, na Massachusetts tangu mwaka 2021, zinamruhusu muuguzi mtabibu mwenye uzoefu unaotakiwa kufanya kazi bila mkataba na daktari. Texas bado inadai mkataba huo ili aandike dawa, na daktari anayeutia saini mara nyingi hutaka ada ya kila mwezi. Aidha, wale wanaolipwa kama watu waliojiajiri wakumbuke kwamba kodi ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare huwa asilimia 15.3, si 7.65 inayokatwa kwa mwajiriwa, kwa sababu fungu la mwajiri nalo linawaangukia wao. Malipo ya saa yanayong'aa yapimwe kwa mizani hiyo.

Kuhusu hospitali sina mengi: posho ya zamu ya usiku na mchango wa uzeeni kwa kawaida huandikwa wazi, na waliopo huko wamelalamika zaidi juu ya ratiba kuliko fedha.

Wengine walisita kutuonyesha mikataba yao, wakihofia kufukuzwa. Nasi, tusifichane, tumelelewa tukijua mshahara wa mtu hauulizwi. Sheria ya kazi ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapozungumza wao kwa wao kuhusu malipo, ijapokuwa wenye vyeo vya usimamizi hawamo katika ulinzi huo.

Kamati imeamua kutoitoa tena orodha ile. Badala yake, mwanachama aliyepata barua ya ajira ailete kabla hajatia saini, jina na anwani vikiwa vimefutwa, tuisome pamoja kuanzia ukurasa wa mwisho, ambako aghalabu ndiko habari za mkia na za kuvunja mkataba zinakokaa.

Mwenyekiti