Asanteni walimu mliomfundisha binti yangu kwa simu

Mhariri,

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, ya mwaka 2025 yalipotoka, magazeti yalijaa picha za watoto waliobebwa mabegani, wazazi wakipiga vigelegele na walimu wakuu wakitabasamu pembeni. Nilifurahi pamoja nao. Binti yangu hakuwa kwenye picha yoyote. Amepita daraja la pili, na hapa kwetu Malaba, mpakani na Kenya, tulichinja kuku wawili. Naomba nafasi katika ukurasa wako niwashukuru walimu waliomfikisha hapo, kwa sababu wao na mimi tunajua alikotoka.

Machi 2020 alikuwa Praimari ya tatu. Shule zilifungwa tarehe 20 mwezi huo kwa sababu ya korona, nasi tukadhani ni jambo la wiki chache. Oktoba wakarudi wa madarasa ya mitihani. Mwaka 2021 wengine wakarudi kwa zamu, na watoto wadogo, Praimari ya kwanza hadi ya tatu, wakapangiwa kurudi mwisho kabisa, tarehe 7 Juni. Nilimshonea sare mpya kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imepanda juu ya magoti. Jumapili jioni sare imeshapigwa pasi, iko juu ya kiti, Rais akatangaza kwamba shule zinafungwa tena kuanzia kesho yake. Zilifunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Mtoto wangu alikaa karibu miezi 22 bila kukanyaga darasa hata siku moja. Inasemwa kwamba hakuna nchi iliyofunga shule muda mrefu kama Uganda. Nikisikia hivyo naiona sare ile juu ya kiti.

Shule yenyewe sitaitaja. Ni ya binafsi, ndogo, ada yake inalipika na watu wa sokoni, na mwalimu mkuu ameniomba barua hii isije ikaonekana kama tangazo la biashara. Mwanzoni walijaribu kufundisha kwa Zoom. Haikufika mbali. Bando la siku liliisha kabla mwalimu hajamaliza kuita majina, na wazazi wengi walikuwa na simu ndogo ya tochi tu. Shule nyingi ziliishia hapo, na sizilaumu. Walimu wetu walikaa chini wakapanga upya.

Wakaanza kutuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, dakika tatu au nne tu, saa moja jioni, saa ambayo mzazi mwenye simu amesharudi nyumbani. Mwalimu anaeleza somo kwa Kiingereza, kisha anarudia kwa Kiswahili ili bibi au shangazi aliyeko naye aweze kusaidia. Mtoto anaandika kwenye daftari, mzazi anapiga picha, anatuma. Usiku picha inarudi na alama nyekundu juu yake, pamoja na sauti ya mwalimu akimwita mtoto kwa jina: hapa umekosea kwa sababu hii, rudia namba ya nne. Kwa wazazi wa simu za tochi, mwalimu aliandika kazi kwa mkono na kuiacha dukani, na zile karatasi za masomo zilizoandaliwa na NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, alizifuata mwenyewe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, pale zilipochelewa kutufikia. Redio pia ilikuwa na vipindi vya masomo, na vilisaidia. Lakini redio haiwezi kusikia kwamba mtoto amenyamaza kwa sababu hajaelewa.

Mimi nauza chai na chapati kwa madereva wa malori. Mwaka 2020 foleni ya malori hapa mpakani ilikuwa ya kilomita nyingi, madereva wakisubiri vipimo, lakini hawakuruhusiwa kushuka na kukaa kula kama zamani, kwa hiyo biashara yangu ililala. Mwalimu wa hesabu alijua. Walipofika kwenye hesabu za sehemu, yaani nusu na robo, alinipigia simu akaniuliza kama bado napika hata chapati moja moja za nyumbani. Jioni hiyo akatuma sauti: chukueni chapati, mama akate nusu, nusu hiyo aikate tena nusu, mwambie vipande vingapi vinarudisha chapati nzima. Binti yangu alizipanga robo nne kwenye sinia akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, bila kuulizwa, ingekuwaje kama tungekuwa watatu. Nilirekodi swali lile nikamtumia mwalimu, na jibu lilikuja saa tano usiku, kwa sauti ya mtu aliyechoka na aliyefurahi sana. Ndiyo jioni niliyoelewa mwanangu anavyofikiri. Miaka mitatu ya kumpeleka getini asubuhi haikuwa imenionyesha.

Nataka wasomaji wajue jibu lile lilitoka kwa nani. Serikali iliendelea kuwalipa walimu wake, ila wa shule za binafsi wengi walikaa bila mshahara kwa sababu hakuna ada iliyokuwa ikiingia. Tuliwaona walimu wakiendesha boda boda, wakifyatua matofali, wakilima mashamba ya kukodi, na wengi hawakurudi tena darasani. Mwalimu huyu mchana alikuwa anauza mboga. Jioni ananawa mikono, anawasha simu, anafundisha. Tarehe 1 Julai 2021, tukiwa katikati ya kufungwa mara ya pili, kodi ya asilimia 12 ikaanza kutozwa kwenye data. Sisi wazazi tulikuwa tukimchangia bando, elfu moja moja, mbili mbili, na bado nyingine alinunua kwa pesa ya mboga. Hakuwahi kutuambia. Tulikuja kujua kwa muuza vocha.

Na sisemi kwamba simu iliwaokoa wote. Mwaka 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilikadiria kwamba takriban asilimia 30 ya wanafunzi wangeweza wasirudi shuleni. Kwenye mstari wetu wa nyumba alikuwepo msichana wa Praimari ya sita, mkali wa sayansi kuliko wenzake wote. Kwao hapakuwa na simu yoyote, na karatasi za dukani aliacha kuzifuata baada ya miezi michache. Shule zilipofunguliwa alikuwa ananyonyesha. Mwalimu alimfuata mara tatu akimwomba arudi, maana wizara ilikuwa imeruhusu wasichana wa hali yake kuendelea na masomo. Mlango ulifungwa kila mara. Bado naumia nikimwona.

Januari 2022 binti yangu aliingia Praimari ya nne akisoma, akiandika na kugawanya. Wapo wenzake wa rika lile, wa shule nyingine, ambao mama zao waliniambia watoto walikuwa wamesahau hata kuandika majina yao. Nilitegemea kwamba somo la jioni lingeisha. Walimu walilibakiza, kila Alhamisi, kwa watoto wa kutwa. Wazazi wengine wanalipinga, wanasema simu inaharibu watoto. Hofu yao naielewa, nami simu yangu haikai mkononi mwa mtoto usiku. Lakini somo hili linasikilizwa mezani, mzazi akiwepo, sauti ikitoka kwa nguvu. Kwa miaka minne nimeujua udhaifu wa mwanangu kwenye sehemu, kwenye ramani na kwenye tahajia kabla ya kadi ya ripoti kunifikia. Mzazi anayepinga aje Alhamisi moja asikilize pamoja nasi.

Sasa anaingia Senior One, mwaka wa kwanza wa sekondari, ambako atakaa darasani kujifunza Kiswahili, lugha ambayo hapa mpakani amekua nayo sokoni tangu alipoanza kutambaa. Kabla hatujafunga begi lake alichukua simu yangu akamtumia mwalimu wa hesabu sauti ya dakika moja. Hakuniruhusu nisikilize.

Ombi langu kwako, mhariri. Matokeo ya mwaka ujao yakitoka, baada ya watoto wa mabegani, mtume mwandishi kwenye shule moja ya daraja la pili na la tatu, amuulize mwalimu watoto wale walikuwa wapi mwaka 2020. Na kwa wazazi wenzangu wa shule yetu: muhula unaanza, na wapo kati yetu ambao ada ya muhula uliopita bado haijalipwa. Mshahara wa yule aliyetujibu saa tano usiku unatoka humo. Mimi nilikuwa na deni la elfu arobaini. Nimelimaliza Jumatatu.

Mama wa mtoto mmoja,
Malaba, wilaya ya Tororo